Kamba ya Kuanikia Nguo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake, kazini huitwa Mama Nyuzi
Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa matanga na kamba za vyombo
Makazi: nyuma ya karakana za bandarini
Uhusiano na marehemu: dada yake

Afande, andika polepole, maana nikishasema sirudii.

Marehemu ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alikuwa nahodha wa mashua ya abiria ya jirani yetu tunayemwita Bosi, huyu mliyemfungia humo ndani. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, yeye na mama. Mama alihamia kwetu mwaka huu baba alipofariki. Ameishi mbali na maji maisha yake yote, hajui tanga wala mlingoti.

Kazi yangu ni hivi. Kamba ikiletwa, naifungua msokoto nitazame moyo wake. Nje inaweza kung'aa, kumbe ndani jua limeshaila, ni unga mtupu. Hiyo imekufa. Naishonea uzi mwekundu ncha zote mbili, na haipandi chomboni tena. Labda ifunge mzigo, au ianikie nguo. Iliyo nzima naiosha chumvi, naianika uani. Mimi na mdogo wangu hatukuwa na haja ya kuambizana maana ya uzi huo. Mama hakuna aliyemwambia. Nani angefikiria?

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, asubuhi, mdogo wangu aliingia kutoka uani na shati lake jeupe la kazi. Uzi wangu wa ile kamba iliyokufa tunayoanikia nguo ulikuwa umechuja, begani pote pekundu. Akasema, "Mama, leo abiria watadhani natoka machinjioni." Tulicheka, na mimi nilicheka. Kumbe baadaye mama alichukua wembe akaufumua ule uzi wote, asije mwanawe akaharibikiwa na shati jingine. Hilo sikulijua. Ameniambia juzi msibani, tena kama mtu anayehesabu mema aliyomtendea mtoto wake.

Mnamo tarehe 9, saa moja asubuhi, nilikwenda kung'oa jino. Karakana nilifunga, ufunguo nikaondoka nao. Nyuma yangu mdogo wangu akakagua mashua, akakuta kamba inayoshika mlingoti upande wa kushoto imelika. Bosi alimwambia, na mkata tiketi alisikia, "Basi leo tusitoke, tumsubiri dada yako." Mdogo wangu akajibu, "Dada ana kamba uani, zimeshaoshwa." Akaja nyumbani mbio.

Mama anasema alizishika ncha zote mbili, akazigeuzageuza, hakukuta uzi, bila shaka akadhani mama ameanika kwenye mojawapo ya zile nilizoosha, ndipo akasema, "Hii nzima." Ndivyo nilivyomfundisha. Alifanya sawasawa kabisa, afande, hakuruka hata kitu kimoja. Mama mwenyewe ndiye aliyeondoa mablanketi na kumfungulia fundo. Akamwambia, "Chukua, baba. Inabeba mablanketi manne yaliyolowa, itashindwa na mti?"

Saa nne, kwenye mlango wa bandari, upepo uligeuka. Kamba ikakatika, mlingoti ukamwangukia. Abiria wote wako salama. Ee Mungu wangu, wote, hata aliyebeba kuku.

Saa tisa alasiri nilipanda ile mashua na askari wako. Mlingoti niligonga juu mpaka chini, ni mzima, haujaoza popote. Kamba niliifungua, ikanimwagikia unga kiganjani. Kwenye ncha niliona matundu ya sindano. Mkono wangu naujua. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Sasa mama yuko kwenye benchi hapo nje. Anasema mlingoti wa Bosi ulikuwa umeoza, na yeye aozee humo humo. Mtaa mzima unamuunga mkono, hata mkewe Bosi hatoki tena kwenda dukani. Nikinyamaza, mtu aliyesema "tusitoke" atanyea debe bure. Nikisema, namzika mama yangu angali anapumua. Nimelipima hili tangu jana, halina upande mwepesi. Bora hilo jino lingeniua.

Bosi hana hatia. Mfungulie. Ila akitoka, mama atauliza kwa nini.

Niliyoyaona na kuyashika kwa mikono yangu ni hayo. Sina jingine.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali kuwa ni sahihi. Hakutaka maji. Alipokuwa akitoka, mama yake alisimama kwenye benchi akaniuliza kama tukimaliza na ile kamba atarudishiwa, kwa kuwa amefua mashati ya marehemu na hana pa kuyaanika. Nimemwambia kamba bado inahitajika. Shahidi alimshika mkono, wakaondoka pamoja.