Kikombe Alichonywea Masanja

Jumatatu, mwezi wa Agosti. Upepo tangu alfajiri.

Vumbi limeingia mpaka kwenye uji. Raheli, mke wangu, alifunika chungu kwa kanga yake na bado tumetafuna mchanga. Nimekaa nyuma ya nyumba, pale ukuta unapokinga upepo, naandika. Nikimwambia mtu yeyote haya katika kijiji hiki, jua halitazama kabla hayajafika kwa wote.

Nianze na Jumamosi.

Wazee wa kanisa waliniita kwenye kile kibanda cha miti na udongo tunachosalia tangu tuhamishiwe hapa. Mchungaji alikuwa anakuja kesho yake. Huja mara chache kwa mwaka, kwa pikipiki, kubatiza na kutoa chakula cha Bwana. Walitaka kujua kama watu wa darasa langu la ubatizo wako tayari. Nikasema wako tayari wote. Mzee Ntandu, mwenyekiti wao, akatikisa kichwa.

"Wote, isipokuwa yule Msukuma."

Masanja alikuja huku zamani kidogo na ng'ombe wake, akitafuta malisho. Operesheni ya serikali ilipotukusanya kijijini akapewa kiwanja safu moja na Wanyaturu, wenyeji wa hapa. Yeye na mkewe Kabula wamesoma darasani kwangu mwaka mzima, hata wakati wa kuvuna uwele hawakukosa. Ila kwao wanaume hawatahiriwi. Na hapa mwanamume ambaye hakupita jandoni ni mtoto, hata awe na mvi na wajukuu. Watu wazima hawali naye sahani moja. Kikombe cha meza ya Bwana nacho ni kimoja, kinatoka mdomo huu kwenda mdomo ule.

"Akatahiriwe kwanza," alisema Mzee Ntandu. "Sisi hatuwezi kunywa nyuma ya mtoto."

Nilijaribu. Niliwakumbusha kwamba neno hili hili liligombanisha kanisa tangu mwanzo kabisa. Kulikuwa na waumini waliowaambia watu wa mataifa kwamba bila kutahiriwa hawataokoka, mpaka mitume wakakaa kikao Yerusalemu. Nikawaambia jinsi Petro alivyokuwa akila na wasiotahiriwa bila shida, halafu wakubwa walipofika akaogopa, akajitenga mezani, na Paulo akamkemea mbele ya watu. Nilisema mtu anaokolewa kwa neema, na neema hainunuliwi kwa kisu.

Walinisikiliza kwa adabu. Wazee wa hapa wana adabu hata wanapokukataa.

"Hayo yalikuwa ya Wayahudi," alisema Mzee Ntandu. "Na wewe, Mwinjilisti, ni mtu wa Iramba. Umekuja kwetu tukakupokea. Nyumba tulikujengea sisi."

Yeye yumo pia katika kamati ya kijiji inayogawa viwanja. Nyumba yetu ya zamani ilibomolewa wakati wa kuhama, na kurudi huko hakuruhusiwi. Raheli ana mimba kubwa. Nikitolewa katika nyumba hii sina pengine pa kusimama, si kwa kanisa wala kwa serikali.

Nikasema, "Nimesikia, wazee wangu."

Nikatumwa mimi nimpelekee Masanja habari.

Nilimkuta lamboni akinywesha ng'ombe. Aliponiona alicheka, akafikiri nimekuja kumfundisha namna ya kusimama mbele ya Mchungaji. Nilipomaliza kusema alimfukuza ndama aliyekuwa anachafua maji, kisha akarudi.

"Mwalimu, ulitusomea habari za Tito. Yule Mgiriki. Paulo alikwenda naye Yerusalemu, na hakuna aliyemlazimisha kutahiriwa."

"Ndiyo."

"Mimi ni Tito au si Tito?"

Nilimwambia kwamba wazee wana uzito na mila zao. Alinisikiliza, kisha akauliza tena, taratibu, kama mtu anayetaka kuelewa hesabu.

"Nikikatwa, Mungu atanipenda zaidi?"

"Hapana."

"Sasa nani atanipenda zaidi?"

"Wazee," nikasema.

"Basi useme hivyo, Mwalimu. Usiseme ni ubatizo." Akachukua fimbo yake. "Kesho nitakuja. Mke wangu na watoto wanabatizwa, siwezi kukaa nyumbani. Nitakaa nyuma."

Nilirudi kijijini nikiona aibu kukutana na watu.

Jana alikuja kweli. Shati jeupe limefuliwa mpaka limekuwa jembamba, amekaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mimi ndiye ninayewaita wabatizwa mbele. Niliwaita mmoja mmoja. Kabula akaenda na watoto wake watatu, wakainamisha vichwa juu ya beseni. Alipoinuka, maji yakimtiririka usoni, hakurudi kukaa. Alisimama pale pale akiangalia mlangoni.

Mchungaji akaniuliza, "Wamekwisha?"

Ilikuwa niseme ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni.

"Bado mmoja, Mchungaji."

Sikupanga. Sitaki kujisifu humu kwamba nilipanga. Masanja alitembea mpaka mbele, nikasikia viatu vyake vya matairi kwenye udongo. Mchungaji hakujua lolote. Akamuuliza maswali, akajibu yote bila kukosea. Akamuuliza jina atakalobatizwa nalo.

"Tito," akasema Masanja.

Hakunitazama. Lakini nilielewa kwamba ananijibu.

Halafu ikaja meza. Siku ya ubatizo, wapya hutangulia. Masanja akanywa, Kabula akanywa. Mchungaji akapangusa ukingo wa kikombe kwa kitambaa, akageukia benchi la wazee. Hakuna aliyeinuka. Akangoja. Mzee Ntandu akachukua kofia yake, akatoka, na wenzake wakamfuata. Mlango wetu ni mfupi, kila mmoja ilimbidi ainame.

Ikawa zamu yangu. Nimefundisha mwaka mzima kwamba mbele za Mungu hakuna Mnyaturu wala Msukuma. Nikapokea kikombe, na koo likakataa. Kwa muda mfupi tu, lakini lilikataa. Nami nimepita jandoni, nilifundishwa nani ni mtu na nani bado, na mafundisho yale yalikuwa yamekaa kooni yakinisubiri. Nikanywa. Sidhani kuna aliyeona.

Mimi niliona.

Baada ya ibada Mchungaji alinivuta pembeni ya pikipiki yake. "Ulijua wamemkataa?" Nikasema nilijua. "Basi umenitega," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Ulichofanya ni kweli ya Injili, sikatai. Lakini wakikukataa, ndugu yangu, sina mahali pengine pa kukuweka." Akaondoka kabla ya chakula.

Leo asubuhi nilijua Mzee Ntandu atakuja. Nilimwambia Raheli akusanye vitu vyetu. Akakusanya vyombo, kisha akakaa juu ya godoro lililokunjwa akashika tumbo, akaniuliza, "Tunakusanya twende wapi?" Nikatoka nje nikajifanya natengeneza mlango wa banda la kuku.

Mzee alikuja peke yake. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Nikampa kigoda. Nilikuwa nangoja neno la nyumba. Alipofungua mdomo alianza mbali kabisa.

"Wewe unanijua nina mke mmoja."

"Ndiyo, Mzee. Mama Eliya."

"Nilikuwa na wawili. Huyo mwingine aliitwa Nyamhanga. Wamisheni walipokuja kunifundisha, wakaniambia mlango wa kanisa ni mwembamba, wake wawili hawapiti. Nilikuwa kijana, nilimtaka Mungu kweli kweli. Nikamrudisha kwao. Alikuwa hajafanya kosa lolote. Nilimsindikiza mwenyewe na watoto wawili, mdogo amelala mgongoni kwake, mkubwa analia njia nzima ananiuliza wamekosa nini. Nikawakabidhi kwa kaka yake, nikageuka. Wiki iliyofuata nikabatizwa. Watu waliimba."

Upepo ulikuwa unapiga bati la banda. Alingoja utulie.

"Mimi nililipa, Mwinjilisti. Kila mmoja katika wazee wale alilipa kitu chake. Leo unamleta mtu, unasema haitakiwi kitu, neema tu, apite. Kama ni bure kwake, ilikuwa bure kwangu pia. Ndivyo?"

"Ndivyo, Mzee."

"Basi nilimfukuza yule mwanamke kwa ajili ya nini?"

Nimesoma chuo cha Biblia. Najua kueleza sheria na neema, nani aliandika nini na kwa nani, kwa nini Wagalatia walirudi nyuma. Nilimtazama yule mzee, nikaelewa kwamba Jumamosi nzima nilikuwa nabishana na mtu ambaye sikumjua. Hakuwa analinda mila. Alikuwa anamlinda kijana yule aliyemrudisha mkewe kwao, asije akaambiwa haikuhitajika.

"Sijui, Mzee wangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa anatazamia hivyo.

"Yuko hai," akasema. "Yuko kule Iguguno, kwa mtoto wake mkubwa. Hakuolewa tena. Sijamwona tangu siku ile. Alhamisi lipo lori la ushirika linakwenda upande huo. Nataka uje nami. Simrudishi, sisi ni wazee sasa na Mama Eliya hajanikosea. Nataka tu kusimama mbele yake."

Nikakubali. Alipokuwa anaondoka nikajikaza nikamuuliza habari ya nyumba.

"Wenzangu wanaitaka nyumba yao. Mimi ni mmoja tu, sitawazuia," akasema. "Na kikombe kile bado siwezi kukinywa. Usidhani nimegeuka."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, akaniambia nirudi, mke wangu asiachwe peke yake na upepo huu.

Nikamweleza Raheli yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua furushi moja, akatoa sufuria, akaweka maji ya ugali jikoni. Mafurushi mengine ameyaacha mlangoni. Tunayaruka tukiingia, tunayaruka tukitoka.

Masanja amepita jioni hii na maziwa. Amesikia. Anasema kiwanja chake ni kikubwa, tukitolewa tutajibana, Kabula amekwisha kusafisha chumba. Nimemshukuru. Lakini mimi na yeye tunajua kamati haitakubali, na wazee watasema mwinjilisti amekwenda kuishi na mtoto. Nikikaa hapa nimebanwa, nikienda kwake nimembana yeye.

Alhamisi nitapanda lori na Mzee Ntandu. Namwona tayari akivua kofia mbele ya yule mama. Labda atapata la kusema, labda atalia tu. Ninachoogopa ni kingine. Ninaogopa mama yule atamwacha mzee na kofia yake anigeukie mimi, mtu wa kanisa, aniulize: kama mlijua tangu mwanzo kwamba ni bure, mbona hakuna aliyekuja kuniambia mimi?