Kama Vile Muti ya Avoka

Maman yangu,

Jambo sana. Ile goti yako inaendelea aje? Na mvua, ilisha kufika huko Bukavu? Miye niko muzima, tena muzuri kuliko ulivyoniacha: huku Bulaya, ku Galerie d'Ixelles, kinyozi akimaliza kunikata nywele, wateja wote wanageuka kuangalia. Furaha, dada mudogo, usicheke. Somea maman polepole, na usiruke kitu.

Naandika juu ulinikatia telefone. Uliniambia Koko, papa yako, amekufa, na miye nikajibu tu «bon, sawa», mara mbili. Ukasema: «Bulaya walikutoa moyo, wakakuwekea friji.» Maman, hiyo neno naibeba kila asubuhi nikienda Jette kufagia korido za hospitali. Acha nikueleze kile kilinipata jioni ile ile.

Unajua nilirudi shule, miye ule mwalimu alikuwa anafukuza kila juma. Ni shule ya jioni, huku Koekelberg. Sasa tunasoma mashairi ya vita ya Wagiriki wa zamani. Kitu kubwa! Lakini mutunzi ana tabia moja: mukuki iko hewani, mutu yuko karibu kufa, na yeye anaacha vita, anaanza: kama vile simba mwenye njaa anazunguka zizi, mbwa wanabweka, wachungaji wanachochea moto… Mistari na mistari! Alafu ndipo anarudi: «ndivyo alivyoruka askari huyo.» Issa, Murundi wa Bujumbura mwenye tunakaa naye meza moja, akakasirika: «Mutu anakufa, ndugu, na huyu anatuhesabia mbwa!»

Madame, mwalimu wetu, akauliza juu ya nini mutunzi anafanya vile. Nikainua mukono mbele ya wote, unanijua. «Madame, hao askari wana miaka mingi mbali na kwao. Mu vita hakuna zizi, hakuna mama wa kukamua maziwa. Donc anawarudisha nyumbani kidogo, kabla mukuki ifike.»

Issa akaninong'oneza: «Weye, leo umekula nini?»

Alors Madame akasema: «Bon. Mutu ameanguka. Kila mumoja atunge mufano yake, murefu kama hiyo.» Nani alisimama wa kwanza? Mutoto wako. Nikaanza na sauti ya pasta:

«Kama vile muti ya avoka nyuma ya nyumba yetu, ule watoto wanapanda bila ruhusa, ule tunafungiaka mbuzi, ule maman anafungia kamba ya nguo. Mvua inapiga, udongo inalainika, na muti inalala chini pole pole. Asubuhi jua inaingia mu jiko hata pale haikuwa inaingia, mbuzi anazunguka hajui atafungwa wapi, na maman anasimama na nguo za maji mukononi…»

Madame akangoja. «Ndivyo nani?» akauliza kwa upole.

Maman, sikuweza. Miye wa kinywa mingi hivi! Ningemutaja tu, angekuwa amekufa kweli. Issa akanivuta koti nikae, akasema: «Madame, mumuache. Huyu amefika kwao.»

Hakuna mutu alicheka. Basi, si friji, maman. Siku ile uliniambia, mukuki ilikuwa ingali hewani.

Unisalimie tonton, kaka yako mukubwa, na aache kutangaza eti nilipotelea Matonge, mutaa yetu Wakongo huku. Shangazi muuza makala. Na jirani yetu fundi wa viatu, mwenye alichimba kaburi na mikono yake. Umukumbatie Furaha, hata kama anasoma vibaya.

Na kwako weye: ndivyo Koko alivyoanguka, papa yako. Kuandika nimeweza. Kusema, bado. Unipigie dimanche, misa ikiisha, na usikate. Nitazunguka mbali kidogo kabla ya kufika.

Ule mutoto wako muzuri kuliko wote,
Bahati