Sekuru Iko Wapi

Kirotshe, tarehe 11 mwezi wa tano

Kaka Straton mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana wetu, wewe na Mama Victorine na wote wa nyumba yenu hapo Walikale. Natumaini karatasi hii inawakuta mkiwa na nguvu. Kikohozi chako kimetulia? Na Victorine anaendelea namna gani na mimba yake, miguu bado inavimba? Huku kwetu mvua haijatuacha, lakini hema linavuja upande wa mlango tu, basi tunalala upande mwingine na tunashukuru. Mwanao Carmel, uliyeniachia nimlee, ni mzima. Ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa anacheka akiziba mdomo kwa mkono kama mwanamke mkubwa. Anakusalimu sana.

Najua utashangaa kupata barua wakati telefone ipo. Nilijaribu kukutumia sauti mara tatu, na mara tatu nikafuta. Mama Drocella, yule muuza samaki jirani yetu, ana ndugu anayekuja Walikale kwa pikipiki. Nimemwomba asiitoe bahasha hii mkononi mwake mpaka akuone wewe mwenyewe. Tafadhali soma ukiwa umeketi, na usiache katikati.

Kilichonifanya niandike ni yale maneno uliyoweka katika grupu ya katuni Jumamosi iliyopita. Nitafika hapo. Lakini kwanza acha nirudi nyuma, maana wewe uliingia katika grupu wakati watu walikuwa wengi tayari, na mwanzo wake sikukusimulia vizuri.

Tulipofika hapa mwezi wa tisa, Carmel hakusema neno kwa siku kumi na nane. Nilizihesabu. Alikuwa anakula, analala, ananifuata kila mahali akishika kitenge changu, lakini kinywa kimefungwa. Siku moja nikachukua daftari tulilopewa na watu wa msaada, nikamchorea mbuzi aliyekataa kutembea, anadai abebwe mgongoni kama mtoto. Nikampa jina Mokonzi, kwa kuwa alijifanya chefu wa kijiji. Carmel akatazama, akasema: “Huyu mbuzi ana kichwa kigumu.” Nililia mbele yake. Kesho yake nikachora tena, na siku iliyofuata tena. Nikamwongezea mbuzi huyo mmiliki, Mama Mukandori, mkulima wa maharage anayekimbia vita na sufuria kichwani. Nikaongeza na Sekuru, babu mwenye mguu mbovu anayegombana na mbuzi kila jioni juu ya nani ana haki ya kulala karibu na jiko.

Elodie, yule msichana anayejifunza kazi ya uuguzi hapa Kirotshe, njo alianza kupiga foto kurasa zangu na kuzituma kwa wenzake. Akafungua grupu ya WhatsApp, akaiita Marafiki wa Mokonzi. Kila Jumamosi sehemu mpya. Kufika Noeli walikuwa watu mia mbili na zaidi, wengine Goma, wengine Bukavu, wengi huko kwenu Walikale, na hata waliokimbilia Uganda. Kaka, sikuwahi katika maisha yangu kungojewa na watu mia mbili.

Nao walisoma kwa macho makali. Mwalimu Magloire, yule wa hesabu unayemjua, ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Aliona kwamba Mama Mukandori alitoka nyumbani na sufuria moja, na katika sehemu ya tisa anapika kwa mbili. Siku tatu watu walibishana juu ya sufuria ile. Elodie alisema katuni ni ya kuchekesha, si mtihani wa serikali. Magloire alijibu kwamba mtu hawezi kucheka vizuri akiwa anajiuliza sufuria imetoka wapi. Nikamaliza ugomvi kwa kuchora Mokonzi akikiri kwamba aliiba sufuria kanisani. Walicheka sana. Magloire mwenyewe alisema tundu limezibwa kwa haki. Wewe uliniandikia siku hiyo kwamba tangu matanga ya Papa hujacheka hivyo.

Nilifikiri kila tundu linazibwa hivyo.

Kisha, mwezi wa pili, Magloire akauliza swali fupi. Aliandika tu: “Na Sekuru iko wapi?” Akaweka foto mbili pamoja. Katika sehemu ya sita Sekuru amekaa jikoni na fimbo yake, risasi zinasikika kilimani. Katika sehemu ya saba wote wako njiani, Mama Mukandori, mtoto, mbuzi, na majirani. Sekuru hayupo. Hakuna aliyemtaja, hata kwa neno moja.

Niliziba haraka. Nikachora mbuzi akisema Sekuru ametangulia mbele kwa sababu hapendi harufu yake. Watu walicheka, lakini Magloire akaandika: “Huyu muzee hawezi kutembea. Wewe mwenyewe ulituonesha.” Nikachora kwamba alipelekwa hospitalini. Wakauliza nani alimpeleka, na kwa njia gani, ikiwa daraja lilivunjika katika sehemu ya tano. Nikamrudisha Sekuru mzima kabisa, amepanda mgongo wa Mokonzi kama jenerali, anapiga saluti. Hiyo nilidhani itawaridhisha. Nusu ya grupu walituma vicheko, nusu nyingine wakakasirika. Elodie, ambaye siku zote alinitetea, aliniambia kwa upole kwamba safari hii hakucheka. Alisema mzaha wa sufuria ulikuwa na joto, lakini huu ulikuwa baridi. Na Magloire akaandika neno lililonifanya nishindwe kula chakula: “Kila mara tukiuliza juu ya Sekuru, mbuzi anatuchekesha. Mimi naona mwandishi anaogopa fasi ile ya hadithi.”

Wiki mbili sikuchora. Watu waliendelea kubishana bila mimi, asubuhi mpaka jioni, mmoja anasema Sekuru aliuawa, mwingine anasema ni kosa la mchoraji tu, mwingine anasema Mama Mukandori alimwacha na ni mwanamke mbaya. Nilisoma yote. Sikuweza kujizuia kusoma.

Hapo njo wewe uliandika, kaka. Maneno yako nayajua kwa kichwa. Uliwaambia kwamba Sekuru ni baba yetu, Papa Kabera, kwamba alifariki kwa amani kitandani mwake kabla ya kukimbia, mikononi mwa binti yake, na kwamba binti huyo alimbeba mtoto wako mgongoni siku mbili akamfikisha mzima. Uliwaomba wasimuumize dada yako. Magloire alikuja mpaka mahali unapouzia mawese kukuomba radhi, aliniambia. Watu mia mbili walituma mishumaa na sala. Elodie alikuja hemani na maparachichi manne, akanishika mabega, akalia. Na mimi nilikaa pale nimeshikwa, kaka, nikitamani ardhi inimeze.

Papa hakufa kitandani.

Nimeliandika. Sasa nitaandika na mengine, upesi, kabla mkono haujakataa.

Asubuhi ile risasi zilipoanza juu ya shule, Papa alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, mguu umenyooka juu ya gogo. Alikuwa mzima, na akili zake zote. Nilimfunga Carmel mgongoni. Papa aliniambia: “Enda na mutoto. Ukikuta batu ba tipoyi huko chini, ubatume.” Unajua tipoyi ya kanisa, ile machela ya mianzi waliyokuwa wanabebea wagonjwa. Nilimwachia maji, mihogo ya kuchemsha na Biblia yake. Nilimwambia watakuja sasa hivi. Hakulia, hakunishika. Alinikumbusha tu nimfunike mtoto kichwa.

Chini kwenye kijito nikakutana nao. Walikuwa wanaume wanne, shemasi Manzi mbele, na tipoyi tupu. Walikuwa wamemvusha Mama Nyiransengimana, wamerudi kuangalia kama kuna mwingine. Manzi akaniuliza: “Dada Claudette, Papa Kabera iko juu?”

Wakati ule ule risasi zikapigwa tena, karibu. Nikaona katika moyo wangu kwamba nikisema ndiyo, watapanda, na mimi nitalazimika kungoja pale, ao kupanda nao, na kijito kiko mbele yangu, hatua kumi tu. Nikasema: “Papa alishafariki alfajiri.”

Straton, walivua kofia. Manzi alisema pole. Kisha wakageuka wavuke pamoja nami, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka, wakachukua sufuria yangu na mfuko wa maharage, wakaviweka katika tipoyi. Wanaume wanne walibeba sufuria yangu mabegani mpaka barabarani. Nilitembea nyuma yao nikiitazama.

Jioni hiyo watu wote walikuja kunipa pole, na Manzi akaomba namba yako ili akutumie habari ya msiba. Nikampa. Ulipopiga simu ukilia, nilikuwa nimeshakuwa mtu ambaye baba yake alikufa kitandani. Ukanyoa nywele, ukakaa matanga siku tatu. Sikukuzuia. Usifikiri nakutajia Carmel ili unionee huruma. Ningeweza kumvusha Carmel na kusema kweli pia. Maneno mawili tu yalitosha: iko juu.

Na sasa linalofuata, kaka. Vuta pumzi.

Siku ya Mungu, kesho yake baada ya maneno yako katika grupu, mtu anayeitwa Raphaël aliniandikia peke yangu. Ni mkulima wa Kibua, msomaji wa Mokonzi tangu Januari. Alisema samahani, dada, mimi sielewi, maana huyu Papa Kabera mnayemlilia anaishi nyuma ya nyumba yangu.

Alinieleza kwamba watu waliokimbia wakielekea upande wa msitu walipita kijijini kwetu alasiri ya siku ile tuliyokimbia. Wakamkuta pale pale mlangoni. Waling'oa mlango wa nyumba yetu, wakamlaza juu yake, wakambeba kwa zamu mpaka Kibua. Amekaa huko miezi minane. Telefone hana, namba za watu hazimo kichwani mwake, na kila aliyemuuliza juu ya jamaa zake alijibiwa kwamba binti yake alikwenda kuita watu wa tipoyi na bila shaka alizuiliwa njiani. Raphaël alisema mzee hajawahi kusema neno jingine juu yangu. Siku moja alimwonyesha katuni kwa sababu Sekuru anatukana mbuzi sawasawa kama yeye anavyotukana mbuzi wa Raphaël. Papa alicheka, akaomba arudishiwe toka mwanzo. Aliposikia jina la anayechora aliomba aoneshwe tena sehemu ya saba, lakini hakumwambia Raphaël kwamba ni binti yake.

Raphaël alinitumia sauti yake. Ni fupi. Kuna kuku nyuma, na kikohozi. Kisha Papa anasema: “Claudette. Ni miye. Carmel alifika muzima?”

Basi. Hakuuliza kingine.

Nimeisikiliza mpaka betri ikaisha, nikalipa kuichaji, nikaisikiliza tena. Kumjibu sijaweza. Nilimpa Carmel telefone, nikamwambia amsalimie babu; akasema, “Sekuru, nimeng'oka meno,” akacheka, nikatuma hiyo. Njo jibu lote alilopata kutoka kwangu.

Raphaël anasema mguu umevimba mpaka gotini na unatoa maji, na tangu Pasaka anakula kidogo sana. Anasema tusikawie. Kutoka huku mimi siwezi kupita, njia ya Masisi imefungwa wiki ya pili sasa. Wewe uko upande wake. Nakuomba, kaka, nakupigia magoti kwa karatasi hii, ondoka siku utakayosoma. Nenda na mtu wa kukusaidia kumbeba. Nyumba ya Raphaël iko karibu na kanisa, kila mtu Kibua anamjua. Mpeleke hospitalini Walikale hata kama atakataa, na atakataa.

Akiuliza juu yangu, mwambie kama nilivyokuandikia. Usinitetee mbele yake. Umenitetea vya kutosha.

Grupu nayo nimeiandikia. Jana nilichora sehemu ya saba upya, bila mbuzi. Kurasa nne. Sekuru mlangoni, mwanamke kijitoni, tipoyi na sufuria. Nimeituma leo asubuhi, nikazima telefone. Sijui wamesema nini. Nilitaka wewe usome hapa kwanza, lakini pikipiki ilichelewa na mimi niliogopa nikilala tena nitabadili mawazo. Nisamehe na hilo, ikiwa umekutana nayo huko kabla ya barua.

Msalimie sana Mama Victorine, Mungu amfungulie salama. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na Mwalimu Magloire umwambie hakukosea. Sikuombi jibu. Lakini Carmel ameanza kusoma mwenyewe, anaunganisha maneno kwa kidole. Ikiwa hutaweza kuniandikia mimi, mwandikie yeye kama Papa yuko hai, kwa herufi kubwa. Nitampa bahasha bila kuifungua, nami nitangoja anisomee.

Ni mimi mdogo wako,

Claudette