Mstari Mmoja wa Majibu

4 Februari

Mwanangu,
Hujambo huko, na kazi ya kusoma picha za hospitali inakwendaje? Sisi tunashukuru, ila kikohozi changu kimehamia kabisa. Huu mwezi wa pili, na gauni zangu zote zinanipwaya. Nilipigwa picha ya kifua. Majibu ni mstari mmoja: “Kivuli juu kulia, ilinganishwe na hali ya mgonjwa.” Daktari wa zamu kasema kovu la zamani. Mwenzake kasema huenda kansa. Muuza dawa kasema vumbi la vitambaa, kaniuzia dawa ya maji. Nimerudi kwenye cherehani yangu. Liwalo na liwe.
Mama yako

11 Februari

Shikamoo mama.
Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Mistari kama huo nimeandika miaka tisa. Mwezi uliopita mkuu wetu alileta fomu moja ya picha za kifua: lazima useme kivuli kikoje, ugonjwa wa kuambukiza unaelekea kwa kiasi gani, na mgonjwa afanye nini. Aliyepinga kwa sauti kubwa ni mwanao. “Mimi daktari, si karani wa kutia vema kwenye visanduku!” Leo nimemwendea mkuu, nikamwomba radhi.

Nitumie picha yenyewe. Sitaisoma mimi, mkono wangu utakataa kuandika baya lako. Nitampa mwenzangu bila kumwambia ni ya nani. Na dada yangu alale chumba kingine, tafadhali.
Mwanao

19 Februari

Shikamoo mama.
Nanakili fomu kama ilivyo: “Tundu na kivuli sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kifua kikuu: yaelekea sana. Hatua: makohozi yapimwe mara moja, wa nyumbani wapimwe pia.” Mwenzangu aliniuliza, “Huyu mgonjwa yuko wapi? Asicheleweshwe.” Mama, kinatibika. Nenda kesho.
Mwanao

8 Machi

Mama, shikamoo.
Mbona kimya? Umekwenda? Niandikie japo neno moja.
Mwanao

21 Machi

Mwanangu,
Usinikasirikie. Nilijifungia ndani. Nilihofu wateja wakisikia watanikimbia. Dada yako ndiye aliyesimama mlangoni akanisomea ile karatasi kwa sauti. “Mama, hapa pameandikwa hatua. Hapajaandikwa mwisho.” Nikavaa viatu.

Makohozi yameonyesha kweli ndicho. Dada yako yu salama. Mimi nameza vidonge vikubwa kama vifungo vya koti, na muuguzi habanduki mpaka nifungue mdomo aone. Wiki ya pili sasa. Jana nimeomba chakula mwenyewe.
Mama yako

30 Septemba

Mwanangu,
Salamu kwako, na kwa huyo mwenzako asiyenijua. Dawa nimemaliza. Makohozi safi. Nimepigwa picha mpya, na hospitali yetu nao sasa wanajaza fomu kama yenu. Nimeisoma mwenyewe, sikuhitaji mkalimani: “Hakuna dalili ya ugonjwa unaoendelea. Hatua: hakuna.”

Nikamuuliza daktari, “Hakuna kabisa?”

“Kabisa, mama. Nenda kafanye kazi.”

Basi nimepanda ngazi zote za dukani bila kupumzika. Juu nikakuta wanawake wawili wamekaa na vitambaa vyao mapajani, wananingoja. Nikafungua mlango, nikawauliza, “Haya, nani alitangulia?”
Mama yako