Niende Hospitali kwa Jina la Kaltumi?

Mshauri mpendwa, pole na kazi, naomba unisaidie maana sina wa kumwambia. Mimi ni mjane, Mkongo, napandisha maji kwa madebe kwenye maghorofa ya Bugolobi mabomba yakikauka, na kiuno kinaniuma tangu mvua za mwaka juzi, sasa mguu wa kushoto unakufa ganzi, nikipanda ngazi naona kama naelea, kama kuta zinapumua, maji yananitiririkia shingoni yananipeleka kwetu, ziwani, mpaka mtu apige kelele, "Mama Pélagie, debe linamwagika!" ndipo narudi.

Kaltumi, mke wa sajini, ninayempelekea maji, naye mgongo unamsumbua, na ananipenda, wiki jana tulikwenda wote hospitali. Daktari alimlaza kitandani akambonyeza polepole, "Hapa, mama? Au hapa?" nami nimesimama ukutani nikafumba macho, nikavihisi vidole vile mgongoni mwangu mimi, joto likanishuka hadi kisiginoni, nikatamani asimalize. Akampiga picha ya mifupa, akampa dawa na mwezi mzima wa kupumzika. Zamu yangu hakuinuka hata kitini. "Nyinyi Wakongo mmezaliwa na mizigo," akasema, "migongo yenu migumu. Meza aspirini." Sasa Kaltumi anataka Jumatatu nivae nguo zake, nichukue kadi yake ya hospitali, niende kwa daktari mwingine nikiitwa mke wa sajini. Nikikamatwa je? Na nisipokwenda?

Pélagie, Bugolobi

JIBU

Pole sana, Pélagie. Maumivu hayaulizi mtu kabila lake, na daktari huyo amekukosea.

Lakini kadi hiyo usiiguse! Siku hizi mtu anaulizwa jina lake na askari barabarani. Ukikutwa na jina la mke wa askari, nani atakutetea? Tena mifupa yako ikiingia kwenye faili la Kaltumi, mtatibiwa vibaya wote wawili.

Kaltumi anakupenda, sawa. Yeye amepewa mwezi wa kupumzika. Maji yake anapandisha nani? Mwulize leo hii. Sajini ana mikono.

Jumatatu nenda kwa jina lako, Kaltumi akiwa kando, na aanze yeye kusema kama ndiye wanayemsikiliza. Taja ganzi kabla ya maumivu, maana ganzi ndiyo ya kuogopwa. Ukishindwa kuzuia mkojo, usingoje Jumatatu, kimbia siku hiyohiyo. Na daktari akianza habari za Wakongo, usibishane, wala usiondoke. Panda kitandani, lala kifudifudi, umwambie: "Niguse kwanza, ndipo useme."