Kichwa cha Njano cha Jumapili

Goweko, Uyui,
Tabora.
2 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Ezekia,

Shikamoo yako sijaisikia tangu Pasaka. Hata hivyo, marahaba. Natumaini joto la Mtwara halijakudhuru na kazi ya bandarini inaendelea vizuri. Mimi shangazi yako ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Karanga tumeshavuna.

Baba yako Nestory ameniarifu kwamba unatafuta mtu mwingine wa kuongoza washenga kwenda Sikonge, kwa wazazi wa Advera. Sababu hakuitaja. Hapakuwa na haja, naijua.

Siku ile ya Pasaka ulisema mezani kwamba asubuhi uliona treni ya kokoto ikivutwa na kichwa cha dizeli cha njano, chenye chumba cha dereva mbele na kingine nyuma. Nilileta daftari langu. Tangu nistaafu ualimu, miaka kumi na minane sasa, nimeandika namba na rangi ya kila kichwa kinachopita mbele ya dirisha langu, na cha namna hiyo hakimo. Ndipo nikamwambia Advera mbele ya wote, “Binti, jihadhari. Anayedanganya juu ya treni atadanganya na juu ya alikolala.” Watu walicheka. Yeye hakucheka, nawe hukumaliza chakula.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda stesheni kupokea mzigo. Nilimwuliza Idrisa, mlinzi wa pale, kama amewahi kuona kichwa cha njano.

“Kile chenye vyumba viwili?” akasema. “Mbona hupita kila Jumapili, Mwalimu. Saa nne, ninyi mkiwa mnaimba.”

Nilirudi nyumbani nikalipekua daftari. Halina Jumapili hata moja. Miaka yote hiyo sikuwahi kuliona pengo hilo.

Jana sikwenda kanisani. Mchungaji atauliza, nami nitamjibu. Niliketi kwenye benchi la stesheni, na saa nne na robo kikaja kutoka upande wa Itigi, rangi imechujuka, kikivuta mabehewa kumi na moja ya kokoto. Kilisimama kupisha treni ya abiria, nami nikakizunguka chote, mbele na nyuma. Dereva alichungulia akaniuliza, “Mama, unakinunua?” Nilimwambia nasoma namba tu. Idrisa anasema kimeazimwa kwa matengenezo ya reli.

Namba hiyo nimeiandika daftarini kwa tarehe 20 Aprili, siku ile ya Pasaka, na kando yake jina lako, kwa kuwa ndiwe uliyekiona kwanza. Jina langu liko chini ya lako.

Nilikosea, Ezekia. Nisamehe.

Maneno yale niliyasema mbele ya Advera, kwa hiyo nitayafuta mbele yake. Alhamisi nakwenda Sikonge kwa pikipiki, na daftari nimeshalifunga kwenye kitambaa. Habari ya posa sitaigusa. Nani aongoze washenga ni juu yako kuamua.

Mama yako Leonia anakusalimu, na shangazi yako mdogo Josepha pia. Amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Nisalimie Gerson unayeishi naye.

Mungu akulinde uendako na urudiko.

Ni mimi shangazi yako, niliyekukosea na ninayekupenda,
Bertila

N.B. Pasaka, saa nne asubuhi, ulipaswa kuwa kanisani. Nilikusudia kukukaripia kwa hilo, lakini tangu jana tuko wawili.