Mudani ya Mama Bandani

Heze, 17 Septemba 1993

Dada Xiuzhi,

Mudani ya mama, ule mti wake wa maua, tumeshaing'oa, imelala kivulini bandani, mizizi nje. Samahani, salamu zimechelewa: hujambo, na shemeji je? Mimi mzima. Barabara itapita uani kwetu mwezi ujao, ndiyo maana nikamwita Bibi Diao, yule mgawa mashina, anayeutenga mti mmoja ukawa miti kadhaa. Kaingia shimoni mwenyewe na miaka yake sabini na mbili, kachimba taratibu kama anayemtoa mtoto usingizini. Hakukata mzizi mnene hata mmoja. Halafu kasema, "Iache siku mbili," akaenda zake kula. Barua nampa dereva wa basi.

Mdogo wako, Baotian

Jinan, 18 Septemba

Mdogo wangu,

Sisi wazima, mtoto tu ana mafua. Wewe una akili kweli? Mti wa miaka arobaini, mama aliupanda alipoolewa, hatuna kingine chake, nawe unauanika kama samaki? Utakufa. Ugaweni leo, mpande leo. Mwambie huyo bibi nimesema mimi. Najua utaona haya. Mwambie hivyohivyo.

Dada yako

Heze, 19 Septemba

Dada,

Mafua ya mtoto yapoe. Nilimwambia. Nilisimama mlangoni kwake mpaka chai yake ikapoa, ndipo nikasema. Hakukasirika. Akasema, "Dada yako hajui kitu, ila anaujali mti. Mzizi uliotoka ardhini sasa hivi ni figili, ukiukunja unakatika. Ukinyauka kidogo unakuwa kamba."

Leo asubuhi kauzungusha mzizi kidoleni. Haukukatika. Kisu kakiweka chini. Katafuta kwa vidole pale mti wenyewe unapotaka kuachana, kavuta polepole. Nikasikia mlio mdogo tu. Kila upande ukaondoka na mizizi yake na machipukizi yake, hakuna kilichochanika. Dada, mimi kila siku natazama watu wakifanya kazi, ila mikono kama ile sijaiona.

Kipande chako nimekifunga kwa majani ya ngano, dereva anacho. Ukipande pakavu, pasipotuama maji. Mwakani usidai maua, bibi anasema kitakuwa bado kimenuna.

Naishia hapa. Limebaki shina kubwa kuliko yote, na Bibi Diao kakaa kando yake, mikono mapajani, hataki kuligusa. Anasema hili aligawe mtoto wa mwenye mti. Ananiita.

Mdogo wako, Baotian